Ekzosti mpya imefungwa, gari limeanza visa: kutafuta kosa kwa dalili

Bomba jipya la moshi likishafungwa na gari lianze kunguruma, kunuka au kuwa zito, lawama ya kwanza huangukia silensa, yaani mkebe wa kupunguza kelele. Mara nyingi silensa haina kosa. Kosa liko kwenye viungo, kwenye raba za kuning'inizia, au kwenye unene wa bomba ambao fundi aliuchagua kwa kuangalia mabaki yaliyokuwa karakana siku hiyo. Malalamiko yaliyopangwa hapa ndiyo yanayorudi gereji tena na tena Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma, hasa kwa Probox, Fielder, Vitz, Demio na Subaru. Kila dalili inaanza na chanzo kinachopatikana zaidi.

Kabla ya kulala chini ya gari

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi mbili, vuta handibreki, kingia magurudumu yaliyobaki chini kwa mbao au mawe. Ukiwa kwenye uwanja wa udongo weka ubao mpana chini ya kila stendi. Udongo mweusi wa Kano ukilowa humeza stendi polepole wala hautakupa onyo. Manifoldi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) na kataliti (kisafisha moshi) hupita nyuzi 400 za selsiasi gari likitembea, kwa hiyo zima injini na usubiri saa nzima kabla ya kushika chochote.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji zaidi ya kitambaa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mtu mmoja awashe gari na mwingine azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa, kwa sekunde 5 hivi. Mfumo usiovuja utakisukuma kitambaa kwa nguvu, au injini itaanza kukata. Ukisikia "tsss" kutoka chini, pana tundu. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto, povu litakuonyesha mahali. Gari ambalo limeshatembea wiki moja huacha na ushahidi: mstari mweusi mkavu wa masizi unaotoka ukingoni mwa gasketi (kizibo chembamba cha kati ya vyuma viwili), mwembamba kama uliochorwa na penseli. Fuata mstari huo kabla ya kununua kipuri chochote.

Inapiga tik-tik asubuhi, ikipata moto inanyamaza

Huu ni uvujaji mdogo wa sehemu ya mbele. Chuma kikipata joto hutanuka na kujiziba, ndiyo maana gari likifika kwa fundi saa sita mchana hakuna anayesikia kitu. Lipeleke jioni, lilale hapo, liwashwe asubuhi.

Chanzo kikubwa ni gasketi ya zamani iliyorudishwa kati ya manifoldi na bomba la mbele. Gasketi ya ekzosti ikishabanwa mara moja imeshachukua umbo la flanji (bati nene la kuungia bomba) ile ya kwanza, na haifai tena. Weka mpya, kwangua nyuso zote mbili za flanji hadi ziwe safi, kisha weka rula ya chuma juu ya flanji mpya. Ukiona mwanga chini ya rula, flanji ilipinda wakati wa kuchomelewa na inahitaji kusuguliwa iwe bapa.

Kinachofuata ni ukazaji. Kaza pande kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, usimalize upande mmoja kwanza. Kwenye Toyota nyingi nati na boliti za hapo huchukua spana namba 14. Penye boliti zenye springi, boliti ina bega: inakazwa mpaka bega likae, basi. Wapo wanaokata springi au kuweka boliti ya kawaida "ibane vizuri". Kiungo kile kimewekwa makusudi kiruhusu injini kuyumba. Ukikikaza kikawa kigumu, ufa utahamia kwenye manifoldi. Baada ya kilomita 100 hivi, yaani Kisumu hadi Kakamega na kurudi, kaza tena injini ikiwa baridi.

Silikoni nyekundu ya kupaka si mbadala wa gasketi hapa. Joto la karibu na manifoldi huipita, na mvuke wa silikoni isiyotengenezwa kwa ajili ya injini zenye sensa unaweza kuharibu sensa ya oksijeni. Saruji ya ekzosti inafaa kwa kiungo cha nyuma ambapo bomba linaingia ndani ya bomba, nayo iachwe ikauke kabla ya kuwasha.

Chanzo cha mwisho ni stadi (boliti isiyo na kichwa) iliyokatika au manifoldi yenye ufa. Nati zilizoshika kutu ziloweshe mafuta ya kulegeza usiku mmoja kabla ya kazi, na uzifungue kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Simama hapa: stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, usijaribu kuitoboa kwa drili ya mkono. Hedi nyingi za sasa ni aluminiamu, na drili ikiteleza pembeni inaweza kufika kwenye njia ya maji. Hiyo ni kazi ya fundi wa leithi, mashine ya kuchonga chuma.

Moshi unanukia ndani ya gari

Dalili hii haisubiri mwisho wa mwezi. Harufu unayoisikia si hatari yenyewe. Hatari ni kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu wala rangi. Kichwa kikiuma, ukipata kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya gari, egesha, zima injini, fungua milango yote na mtoke nje kwenye hewa. Waangalie kwanza watoto waliolala kiti cha nyuma, maana anayelala hatasema kwamba anajisikia vibaya. Asiyepata nafuu haraka, au aliyepoteza fahamu hata kidogo, apelekwe hospitali.

Sababu inayoongoza kwenye magari ya mgongo mrefu kama Probox na Fielder ni bomba la mwisho kukatwa fupi. Gari likitembea, nyuma yake kunakuwa na hewa yenye mgandamizo mdogo, na moshi ulioishia chini ya bampa huvutwa kuingia kupitia mlango wa buti. Mdomo wa bomba utokeze nje ya bampa kwa sentimita 2 hadi 5, wala usielekee juu. Halafu angalia raba ya mlango wa buti. Funga mlango na karatasi katikati, kisha ivute: ikitoka bila kushikwa, raba imekufa.

Baada ya hapo tafuta uvujaji katikati ya gari kwa njia ya kitambaa, na ukague sakafu. Vizibo vya raba vya sakafuni hutolewa wakati wa kupitisha nyaya za redio na havirudishwi. Magari yaliyopita kwenye maji ya mafuriko upande wa Ahero na Nyando huwa na sakafu iliyoliwa na kutu chini ya kapeti, mahali ambapo macho hayafiki. Mpaka tundu lizibwe, gari lisiendeshwe vioo vikiwa vimefungwa, na lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa.

Inagonga chini kwenye matuta

Shika silensa ikiwa baridi uitikise pande nne. Isiguse bodi, ekseli wala bati la kukinga joto. Nafasi ya milimita 25 kila upande inatosha, na iwe milimita 50 au zaidi karibu na paipu ya mafuta, paipu ya breki na nyaya, tena pakiwa na bati la kukinga. Bati lenyewe likilegea hutoa mlio wa mkebe unaowachanganya wengi. Ligonge kwa ngumi kabla hujafungua kitu kingine.

Kama nafasi ipo na bado inagonga, hesabu raba. Lazima ziwe nyingi kama zilivyotoka kiwandani, zisiwe zimelowa oili wala kupasuka. Waya wa bainda si raba: unapitisha mtetemo wote kwenye bodi, na ukikatika barabara ya Kisian usiku bomba linachimba lami. Kosa jingine ni kufunga raba zikiwa zimevutwa kwenda nyuma. Mita 3 za bomba zikipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka karibu milimita 11, na urefu huo unaelekea nyuma. Fundi anayejua huziacha raba zikielekea mbele kidogo bomba likiwa baridi, zinyooke likipata moto.

Mgongano unaotokea ukiweka gia tu, au ukikanyaga mafuta ghafla, unatoka kwenye mauntingi, yaani vishikizo vya raba vya injini. Ekzosti mpya imeufichua tu.

Mngurumo unaochosha masikio kwenye mwendo wa barabara kuu

Gari linasikika vizuri mjini, lakini ukishika barabara ya Nakuru–Gilgil na kutulia kwenye mwendo mmoja, kichwa kinajaa. Kwanza hakikisha ni ekzosti. Soma mizunguko ya injini wakati mngurumo unapoanza, tuseme 2400 kwa dakika, kisha egesha, weka nutro na upandishe injini hadi hapo. Mngurumo ukirudi, ni ekzosti. Usiporudi, na ukawa unafuata kasi ya magurudumu, tafuta beringi au tairi.

Mara nyingi kilichotolewa ni resoneta, ile silensa ndogo ya katikati, kwa kuwa mtu aliambiwa inazuia nguvu. Kwa injini ya cc 1500 isiyo na tabo (kisukuma hewa kinachozungushwa na moshi) faida ya kuitoa haionekani barabarani, ila kelele inaonekana. Rudisha resoneta yenye kipenyo kilekile cha bomba, urefu wa sentimita 30 hadi 45, na shida nyingi zinaishia hapo. Chanzo cha pili ni silensa nyoofu ya bei ya chini ambayo pamba yake imeshaungua au haikuwahi kuwamo. Igonge kwa mpini wa bisibisi: iliyojaa hutoa mlio mzito uliokufa, tupu hulia kengele.

Ikibaki, kuna dawa ya bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linalochomelewa kama tawi. Urefu wake unapatikana kwa hesabu. Injini ya silinda 4 hulipuka mara 2 kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 2400 kwa dakika ni milipuko 80 kwa sekunde. Gawanya 110 kwa idadi hiyo upate urefu kwa mita: karibu 1.4. Vitz ya silinda 3 kwa mzunguko huohuo inapiga mara 60, na tawi lake linafika mita 1.8, jambo ambalo kwa gari dogo hivyo halina nafasi. Rudisha resoneta tu. Nambari hii ni ya kuanzia, kwa kuwa joto ndani ya tawi hubadilisha mwendo wa sauti; kata refu kidogo, jaribu, kisha punguza.

Anayetafuta ule mlio wa Subaru ajue kwamba hautoki kwenye silensa. Unatoka kwenye manifoldi yenye mabomba yasiyolingana urefu. Subaru yenye mabomba yaliyolingana haitanguruma hivyo hata ukibadilisha silensa mara tatu. Na kutoa silensa kabisa ni kujitafutia polisi: sheria ya trafiki ya Kenya inaitaka, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele tangu 2009.

Gari limekuwa zito mlimani

Dalili hii hujitokeza kwenye mlima wa Riat kutoka Kisumu, au kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit. Sababu mbili zinazopingana huleta lalamiko moja: bomba limeziba, au ni pana kupita kiasi.

Upana kwanza, maana unapimwa kwa kaliba, kifaa cha kupima kipenyo. Injini ya 1300 hadi 1500 isiyo na tabo inatosheka na inchi 1.5 hadi 1.75, mwisho 2. Ya 2000 inataka 2 hadi 2.25. Forester au Impreza yenye tabo ndiyo yenye haki ya inchi 2.5 hadi 3, na hiyo inataka kompyuta ya gari itazamwe upya, kwa sababu bomba pana linaweza kuruhusu tabo ipandishe mgandamizo kupita uliopangwa. Inchi 2.5 chini ya Probox hupunguza kasi ya moshi kwenye mizunguko ya chini, na hapo ndipo Probox iliyopakia magunia inapofanyia kazi.

Kisha tafuta kona zilizobonyea. Bomba lililopindwa kwa mashine isiyo na kishikizo cha ndani hujikunja upande wa ndani wa kona; unaweza kuipitisha kaliba na kukuta inchi 1.75 imebaki 1.4. Ukataji wa vipande vya pembe na kuviunga ni bora kuliko kona iliyobonyea, mradi matone ya kuchomelea yasijae ndani. Tazama pia gasketi za flanji: tundu la gasketi lisiwe dogo kuliko bomba.

Ikiwa yote ni sawa, pima mgandamizo. Toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji mahali pake kwa adapta yenye nyuzi za skrubu za M18 kwa 1.5, washa injini. Ikitulia bila kukanyagwa, geji isipite psi 1.5, kwa mizunguko 2500 isipite 3. Ikizidi, fungua kiungo baada ya kataliti na upime tena. Ikishuka, kizuizi kiko nyuma, kwa kawaida bati lililong'oka ndani ya silensa. Isiposhuka, masega ya kataliti yameyeyuka.

Wanaotumia geji ya vakyumu waangalie mwinuko. Vitabu husema injini nzima ya petroli husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Hupungua karibu inchi 1 kila mita 300 za mwinuko. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, injini nzima husoma 13 hadi 17. Nakuru, mita 1,850 hivi, husoma 11 hadi 15. Kuna injini nzima zilizofunguliwa bure kwa kusoma kitabu cha pwani mjini Nakuru. Ishara ya kuziba ni tofauti: shikilia mizunguko 2500, na sindano ikianza kushuka polepole yenyewe, moshi haupiti.

Taa ya injini imewaka baada ya kufunga

Anza na soketi ya sensa. Mara nyingi haikurudishwa, au waya umelala juu ya bomba na kuyeyuka. Kodi (namba za hitilafu zinazosomwa kwenye kompyuta ya gari) P0135 au P0141 zinaelekeza huko, kwenye hita ya sensa na nyaya zake.

P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Kati ya pumzi moja na nyingine ya injini, tundu lililo kabla ya sensa hunyonya hewa ya nje. Sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza, na gari linaanza kunywa mafuta bila sababu. Ziba tundu kabla ya kununua sensa. Kama hakuna tundu, geukia upande wa hewa inayoingia injini, kwani kodi hii haitoki kwenye ekzosti peke yake.

P0420 ni kataliti kutofanya kazi. Uliza kama ilitolewa. Kuna soko la masega ya kataliti kwa sababu yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na si kila mwenye gari huulizwa kabla. Simama karibu fundi anapokata, na chochote kilichotolewa kiwekwe kwenye buti lako.

Ukihamisha sensa kwenye bomba jipya, tundu lake liwe nusu ya juu ya bomba, angalau nyuzi 10 juu ya mlalo, ili maji yasituame kwenye ncha. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za skrubu tu, kaza kwa spana namba 22 hadi Nm 40 hivi.

Inapiga "pah" ukiachia mafuta

Hewa inaingia mbele ya silensa na kuunguza petroli iliyosalia. Rudi kwenye sehemu ya tik-tik hapo juu. Kama hakuna uvujaji, tafuta kwenye plagi na koili, bomba halihusiki.

Inadondosha maji, na inatoa moshi siku ya kwanza

Maji ni kawaida: lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, mengi yakitoka kama mvuke. Tundu dogo chini ya silensa liliwekwa kuyatoa, msilizibe. Moshi mwepesi wa nje ya bomba kwa dakika 20 au 30 za kwanza ni oili na rangi ya kiwandani. Moshi mweupe mzito kutoka mdomoni wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya hedi. Zima gari uite fundi wa injini.

Kiungo kilichochomelewa kinapasuka palepale

Kuchomelea tena juu ya ufa ni kuuahirisha. Angalia kama fleksi, ile sehemu ya nyavu, imeondolewa na bomba kavu kuwekwa badala yake. Injini iliyolala kwa upana huyumba mbele na nyuma, na bila fleksi nguvu hiyo inakwenda kwenye kiungo dhaifu kuliko vyote. Nayo fleksi haibebi uzito. Raba iwe karibu nayo. Pili, huenda bomba lilivutwa kwa nguvu lifike mahali kabla ya kuchomelewa. Shikiza kwa nukta chache, ning'iniza kila kitu, shusha gari likae kwa magurudumu, ndipo umalize.

Bomba la milimita 1.5 linachomwa vizuri zaidi kwa MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya) yenye waya wa milimita 0.8. Chuma cha pua kikiungwa na chuma cha kawaida kinataka elektrodi ya 309L. Ya kawaida ya 6013 hupasuka hapo. Bomba la maji lenye zinki lisitumike: mvuke wake humpa mchomeleaji homa na kifua jioni ileile. Ondoa kwanza terminali hasi ya betri, na kibanio cha ardhi kiwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mchomo.

Simama hapa pia: kama mchomo uko karibu na tangi au paipu ya mafuta, bomba linafunguliwa na kuchomelewa nje ya gari. Fundi akisema atafunika tangi kwa gunia bichi na kuendelea, ondoa gari.